Siku ya Arobaini na Tatu

Zoezi langu la kwanza la somo la Majaribio lilipata sifuri, na nilikwenda ofisini kwa Mwalimu Rustika Kikoti nikiwa nimefura kama andazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kuhusu sifuri."

"Mwalimu, nimeandika majaribio mia mbili. Yote yamepita. Hakuna hata moja lililoshindwa."

"Ndiyo maana," alisema, akavuta kompyuta yangu upande wake wa meza.

Programu niliyoiandika ilikuwa ya kukadiria dozi ya dawa ya sukari. Alishuka nayo taratibu hadi katikati, akaufuta mstari mmoja, ule hasa unaokokotoa dozi, kisha akayaendesha upya majaribio yangu. Yote mia mbili yakapita tena. Skrini ilijaa kijani kuanzia juu hadi chini. Programu ilikuwa imekatwa kichwa, na majaribio yangu yalikuwa yanaendelea kuisifia uzuri wa sura.

"Jaribio lisiloweza kushindwa si jaribio, binti. Ni pambio. Nenda kwaya, watakupokea vizuri."

Nilikwenda kulia, sitaficha. Lakini wiki iliyofuata aliniita, na tangu siku hiyo, kila Jumanne saa kumi jioni, muhula mzima, alikaa na mimi peke yangu akinifundisha kuitilia shaka kazi ya mtu bila kumtilia shaka mtu mwenyewe. Hakuna aliyemtuma. Leo hii mimi, Lusungu Mahenge, nafundisha somo hilo hilo, na sijui kitu chochote cha maana katika kazi hii ambacho sikukipata katika zile Jumanne. Nimshukuruje? Naandika haya kwa sababu sijapata njia bora zaidi.

*

Miaka ile watu elfu sitini na moja nchini walikuwa wanaishi na kijaluba. Ni kikasha kidogo, hakizidi punje ya harage, kinapandikizwa chini ya mtulinga na kuachia dawa ya sukari mara sita kwa siku. Hakijiamulii. Kinasubiri agizo la zahanati, na agizo linasafiri hewani, mnara hadi mnara, hadi kumfikia mgonjwa alipo, awe shambani au kanisani.

Kitu kinachoamriwa kwa hewa kikatenda ndani ya mwili wa mtu kinaogopesha, na Bunge nalo liliogopa, ndipo ikapitishwa Sheria ya Kuonja. Sisi wa Iringa tuliielewa upesi kuliko wengine. Kwetu anayekukaribisha ulanzi, pombe ya mianzi, hupiga funda la kwanza yeye, ujue hakuna sumu. Basi na mwandishi wa programu ya kijaluba ni hivyo hivyo: anapandikizwa yeye kwanza, kikiwa na maji ya chumvi kama si mgonjwa, anaishi nacho siku arobaini, na ndipo mgonjwa wa kwanza anapewa. Kwa nini arobaini? Siku za mwizi ni arobaini, walisema waheshimiwa, na kosa la programu ni mwizi tu, litakamatwa.

Aliyemaliza kuonja salama alipewa muhuri wa shaba wa kuvaa kifuani. Kosa likigundulika baadaye, muhuri unarudishwa, na asiye na muhuri haruhusiwi kusimama mbele ya darasa. Sheria haikuwa na kifungu cha huruma.

*

Mtihani wa kuhitimu katika Chuo chetu cha Uhakiki ulikuwa kwenye kapu. Unatumbukiza mkono, unatoa karatasi, na karatasi inakutajia kipande cha programu kinachotumika kweli huko nje. Una wiki sita za kukivunja ukiweza.

Karatasi yangu iliandikwa: Mlango.

Egidi Chaula, ambaye tulikuwa tumekaa benchi moja miaka mitatu, alipiga mluzi wa chini chini. Mlango ndiyo programu inayosimama penye kuingilia kijaluba na kuamua agizo lipi lipite na lipi lirudishwe. Mwandishi wake, miaka ishirini nyuma, ni Mwalimu Rustika. Alikuwa anaitia yeye mwenyewe katika kapu kila mwaka, kwa mwaka wa kumi na mbili sasa, na hakuwa anafanya mzaha.

"Tubadilishane," Egidi aliniambia tulipotoka. "Nipe hiyo, chukua yangu. Nitamwandikia kurasa thelathini za sifa, tuhitimu wote kwa amani."

"Kwani unadhani ina kosa?"

"Sidhani. Nataka na wewe usianze kudhani."

Sikubadilishana naye. Nilikwenda maktaba, nikaomba ripoti kumi na moja za walionitangulia, nikazisoma zote. Zilikuwa ripoti safi, nyingine zina dibaji za shukrani kwa Mwalimu. Walipima sahihi ya zahanati: agizo lisilo na sahihi likarudishwa. Walipima agizo lililochezewa njiani: likarudishwa. Walipima agizo la kweli linalonaswa na mtu wa nje na kurushwa mara ya pili, maana hiyo ndiyo hila ya kwanza ya mdukuzi yeyote: nalo likarudishwa, kwa kuwa kijaluba kina daftari la namba za maagizo yote kiliyokwisha kuyatekeleza. Na wote kumi na mmoja walisimama siku ya arobaini. Mwalimu alionja arobaini, nani awe na kiherehere cha kuonja zaidi yake? Nilizirudisha rafuni nikiwa na huzuni kidogo. Yalikuwa mapambio kumi na moja.

Mimi nilikiweka kijaluba cha mazoezi ndani ya kompyuta, nikaiharakisha saa yake ili siku nzima ipite kwa dakika moja, nikakiacha kitembee siku tisini. Kila siku nilikuwa natupa mlangoni agizo moja la zamani, namba thelathini na moja, kuona kama litafukuzwa. Likafukuzwa siku ya kumi, ya ishirini, ya arobaini. Siku ya arobaini na tatu likakaribishwa ndani.

Nilidhani nimekosea mimi. Nikarudia mara nne. Kisha nikafungua msimbo wa lile daftari na kuusoma kwa kidole, kama mtoto anayejifunza silabi.

Daftari lilikuwa na mistari mia mbili hamsini na sita. Likijaa, Mlango ulikuwa unalifuta lote na kuanza upya. Maagizo sita kwa siku, mara siku arobaini, ni mia mbili na arobaini. Mwalimu alipomaliza kuonja, daftari lake lilikuwa limebakiza mistari kumi na sita. Angeonja siku tatu zaidi angeliona likifutika. Baada ya hapo agizo lolote la zamani linakuwa jipya, na sahihi yake ni halali, kwa sababu kweli liliandikwa na zahanati. Anayetaka kumdhuru mgonjwa hahitaji kuvunja kitu. Anahitaji redio na subira.

*

"Ni mistari mitatu tu kuirekebisha," Egidi alisema nilipomwonyesha. Alikuwa kwenye mafunzo ya vitendo katika karakana inayotuma maboresho ya vijaluba nchi nzima. "Naipenyeza kwenye maboresho ya mwezi ujao. Nani husoma maelezo ya maboresho? Kijaluba kitapona, Mwalimu atabaki darasani, na wewe utaandika kuwa Mlango uko salama. Na kweli utakuwa salama. Hapo nani anaumia, Lusu?"

Wallahi ningelipenda wazo lake liwe sahihi. Nilimwona akilini Mwalimu Rustika akiwa nyumbani saa nne asubuhi siku ya kazi, hana pa kwenda, na chaki bado iko kwenye mfuko wa sweta. Mtu aliyenitoa katika sifuri, nimlipe hivi?

Nilikaa siku tatu na swali hilo. Siku ya tatu nilitafuta daftari lile mahali pengine, nikalikuta: katika mashine za dripu, katika vidhibiti vya mapigo ya moyo, katika programu saba za watu wengine. Lilinakiliwa neno kwa neno na waliolisoma wakiwa wanafunzi wake. Marekebisho ya kimya yangeponya kijaluba na kuyaacha hayo mengine yakiugua bila mtu kujua. Kosa lisilotajwa jina haliwezi kutafutwa.

Jumamosi adhuhuri nilikwenda kwake. Nilisimama getini kwa muda mrefu hadi jirani akaniuliza kama nimepotea.

Mwalimu alikuwa kibarazani anamenya njegere. Alinisogezea kigoda na kunipa fungu langu nimenye, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukaa bure nyumbani kwake. Nilimenya ganda moja nikashindwa la pili.

"Mwalimu, Mlango una kosa."

"Lipi?"

Nikamweleza. Hakuacha kumenya hadi nilipotaja siku ya arobaini na tatu. Hapo mikono ikasimama.

"Nilionja siku arobaini," alisema. "Nina kovu."

"Najua, Mwalimu."

"Na hao kumi na mmoja? Wote vipofu, wewe ndiye mwenye macho?"

"Hawakuwa vipofu. Waliogopa kukuudhi."

"Wewe huogopi?"

"Naogopa, Mwalimu. Muulize jirani yako."

Hakucheka. Aliniambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba miaka ishirini wataalamu wameipitia kazi ile, kwamba mtoto wa juzi akipata kompyuta yenye kasi hujiona nabii, na kwamba njegere zilikuwa zinaharibika. Nikaaga. Hakunisindikiza hata hatua moja, na kwetu mgeni asiyesindikizwa anajua amefukuzwa. Nililia hadi kituo cha basi. Nilikuwa na hakika nimempoteza.

*

Jumatatu alichelewa darasani kwa dakika kumi, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Aliingia amevaa blauzi yenye kola pana, muhuri wake kifuani. Hakusalimia. Alisogeza kola pembeni tukaona kovu, na chini ya kovu uvimbe mdogo.

"Wenzangu walivitoa vyao siku ya arobaini na moja," alisema. "Mimi changu nilikiacha, bila kukipima tena. Msidhani ni utaalamu. Ni majivuno tu, nilipenda kukigusa. Mnara wa chuo umekuwa ukikipa maagizo miaka ishirini, na ninyi mwaka wa kwanza mliyanasa kwa ajili ya zoezi la redio. Nani bado analo agizo lake?"

Sote tulikuwa nayo. Hakuna anayefuta zoezi lake la kwanza kufaulu.

"Lusungu, njoo. Rusha lako."

"Mwalimu, si lazima iwe..."

"Mwanangu, jana nimekesha nikiisoma kazi yangu kutafuta mahali ulipokosea. Sijapaona. Njoo."

Nilikwenda mbele. Nilikosea nywila yangu mara mbili. Nikarusha agizo la miaka mitatu iliyopita. Kijaluba cha Mwalimu kikatoa mlio mdogo, ti, ule mlio wa dozi kutoka. Akanyanyua kidole: tena. Nikarusha la Egidi. Ti. La binti aliyekaa nyuma. Ti.

"Yangu ni maji ya chumvi," Mwalimu aliwaambia. "Ya wengine ni dawa."

Alivua muhuri, akauweka juu ya meza karibu na kompyuta yangu. Kisha akanigeukia mbele ya watu arobaini, mwanamke wa miaka sitini na tatu ambaye nusu ya wahakiki wa nchi hii walikuwa wanamwamkia.

"Nakushukuru," alisema. "Juzi nilikukosea nyumbani kwangu. Nilipokuwa msichana kama wewe nilimwogopa mwalimu wangu, nikanyamaza. Wewe hukunyamaza. Nakushukuru sana."

Kisha akachukua chaki. Taarifa kwa mamlaka alikuwa ameshaituma alfajiri, jina lake la kwanza, jina la baba, namba ya muhuri. Hiyo ilikuwa kazi yake. Ubaoni aliandika kazi yetu, nayo ilikuwa maneno mawili: Nani ameshaumia?

Hilo mimi sikuwa nimelifikiria kabisa. Nilifikiria mdukuzi atakayekuja kesho. Sikuwaza kwamba minara ya milimani, mvua ikikata mawasiliano, huyatunza maagizo na kuyarusha tena yenyewe. Kwamba kwa kawaida Mlango huyarudisha kwa kuwa yamo daftarini. Na kwamba siku daftari linapofutwa, agizo lililochelewa mnarani linaweza kuingia mara ya pili bila adui yeyote kuwapo. Tulifuta vipindi vyote. Kwa siku tisa, wakati karakana ya kina Egidi inarekebisha vijaluba nchi nzima, sisi tulipekua kumbukumbu za zahanati tukitafuta watu walioanguka bila sababu. Mwalimu alikaa nasi benchi moja, kwa maana mbele ya darasa hakuruhusiwa tena. Tulipata watu saba, wote hai, na namshukuru Mungu kwa hilo hadi leo. Sita walikuwa wameanguka mara moja. Wa saba alikuwa ameanguka mara kumi na tisa.

*

Jina lake Mama Konsolata Lutumo, wa miaka sabini na kitu, anaishi na binti yake kwenye kijiji kilicho chini ya mnara, juu kabisa ambako barabara inachoka. Barua ingefika. Mwalimu alikataa barua. Tulikwenda mimi na yeye, siku mbili baada ya mamlaka kumwandikia kwamba hatafundisha tena.

Tulimkuta ameketi juani ukutani mwa nyumba. Binti yake, Leokadia, alikuwa upande wa pili wa uwanja anaanua nguo, mtoto mchanga mgongoni. Alituitikia kwa mbali, akaendelea na nguo zake.

"Shikamoo, mama," Mwalimu alisema, akachutama ili awe chini yake.

"Marahaba. Ninyi ni wa zahanati? Kama mmekuja kuniuliza nilichokula, nilikula. Nimechoka kuulizwa."

"Hatujaja kukuuliza, mama."

Akatoa kadi yake ya zahanati kwenye mkunjo wa kitenge, kama mtu anayetoa ushahidi wake wa mwisho. Mbele muuguzi alikuwa ameandika: Mgonjwa hafuati masharti ya chakula. Maneno hayo hayo yalirudiwa mara kumi na tisa, kwa kalamu tofauti. Nyuma ya kadi palikuwa na mwandiko mwingine, wa penseli, mkubwa na wa kutetereka. Tarehe tupu.

"Hizi ni nini, mama?" niliuliza.

"Siku nilizoanguka. Niliwaambia inakuja kwa zamu, kila mwezi mmoja na nusu hivi, hasa masika. Wakasema bibi, sukari haina kalenda. Binti yangu naye anaona nasusa chakula ili nionewe huruma." Alishusha sauti. "Hata huyo mtoto wake hanipi nimshike. Anasema nitaanguka naye."

Nilihesabu kati ya tarehe na tarehe. Arobaini na tatu. Themanini na sita. Arobaini na tatu. Nikampa Mwalimu kadi, naye akahesabu, akaishika kwa mikono miwili. Tulikuwa tumesomea majaribio chuoni, tuna vyeti, na mwanamke huyu alikuwa amelipata kosa kabla yetu sote kwa penseli, na sote tulimwambia amekosea.

"Mama," alisema Mwalimu, "naitwa Rustika Kikoti. Mimi ndiye niliyeandika programu iliyo ndani ya hicho kijaluba chako. Niliikosea. Siku hizi ulizoandika, kijaluba kilikupa dawa mara mbili kwa kosa langu, ndiyo maana ukaanguka. Ulikuwa unakula. Ulikuwa unafuata masharti. Hukudanganya hata siku moja. Kimesharekebishwa, na nimekuja kukuomba radhi."

Midomo ya Mama Konsolata ilicheza cheza. Upepo ulikuwa unapiga nguo kwenye kamba, na nilidhani labda hakusikia vizuri.

"Kwa hiyo sikuwa mwongo," alisema mwishowe.

"Hukuwa, mama."

"Asante." Alilisema mara ya pili, machozi yanashuka. "Asante kwa kuja kusema." Kisha akanyanyua shingo, akaita kwa sauti ambayo sikutegemea katika mwili ule. "Leokadia! We Leokadia! Acha hizo nguo, njoo hapa!"

Leokadia akaja, anapangusa mikono kwenye kanga.

Mama Konsolata akamgusa Mwalimu begani. "Rudia," alisema. "Sema tena, mwanangu asikie."

Mwalimu alirudia yote tangu jina lake, hakuruka neno. Alipomaliza, Leokadia alibaki amesimama, anamtazama mama yake. Kisha akafungua fundo la mbeleko, akamshusha mtoto taratibu, akainama na kumweka mapajani mwa bibi yake.